Solo ya Nabwire

Vidole vya Ambrose Ouma hata wasiompenda walivikubali. Mchana vilichomelea mageti kando ya barabara kule Kawangware. Jioni, chumbani mwake Soweto West, Kibera, vilikimbia juu ya gitaa la umeme mpaka ukadhani mtu anamwaga mchele kwenye sinia. Muziki wake ulikuwa metal, ule mzito wa ngoma za kishindo na waimbaji wanaonguruma, ambao majirani zake, watu wa kanisa wote, waliuita kelele za mapepo. Waliusema kwa kusikia kwa watu tu, maana kutoka mlangoni kwa Ambrose hawakuwahi kusikia kitu.

Sababu ilikuwa mkewe. Nabwire alikuwa akifanya usafi katika nyumba za Nyayo Highrise. Aliamka saa kumi alfajiri, kwa hiyo giza likishaingia tu alikuwa kitandani, na kitanda kilikuwa hatua moja kutoka kwenye stuli ya Ambrose, upande wa kushoto. Basi Ambrose alipiga gitaa bila spika. Gitaa la umeme lisipounganishwa lina sauti nyembamba mno. Ukigonga uzi, noti inakufa hujaisikia vizuri. Mwingine angekata tamaa akacheza karata. Ambrose alijaza pengo kwa noti nyingine, na nyingine, na nyingine, miaka sita mfululizo, hadi akapata mbio ambazo wapigaji wengi wa Nairobi wanazisikia kwenye simu tu.

Na ili nyuzi zisivume ovyo, Nabwire alitoa kibanio chake cha nywele, kile cha kitambaa chenye mpira ndani, cha zambarau, akalivisha gitaa shingoni. "Haya, sasa piga mpaka uchoke," alisema. "Mimi nalala." Na alilala kweli, mdomo wazi. Kila akimaliza kipande, Ambrose alitupa jicho kushoto kuona kama amemwamsha.

Mwezi wa tatu Nabwire alishikwa na homa ya mapafu, na siku ya tisa akafa. Walimzika kwao Busia. Ambrose alisimama kando ya kaburi macho makavu. Shangazi zake, waliokuwa wamejipanga kumshika asijitupe shimoni, walibaki wamesimama hawana wa kumshika.

"Huyu alikuwa anampenda kweli?" mmoja aliuliza, tena wala hakunong'ona.

Ambrose alisikia, na swali likampita hivi hivi. Alirudi Nairobi. Akachomelea mageti, akala, akalala, akaamka. Watu walimpa pole, naye alizipokea kama mtu anayeshikishwa mzigo wa abiria mwingine. Hakuwa na huzuni. Angekuwa nayo angalau angejua pa kuanzia. Alikuwa amekufa ganzi, basi.

Bendi yao ilikuwa ya watu watatu: yeye, Munyao wa gitaa la besi, na Gathoni, mpiga ngoma mwenye ulimi mkali aliyekuwa ndiye bosi wao. Ni Gathoni aliyetunga wimbo wa kumuaga Nabwire, na katikati yake akaacha nafasi ya solo, kipande cha gitaa la Ambrose peke yake. Mwezi wa kumi, Jumamosi moja mchana, waliingia kurekodi katika chumba nyuma ya duka la mbao Kawangware, kuta zake zimepigiliwa magodoro makuukuu kuzuia sauti. Ngoma na besi zilikuwa tayari. Ilibaki solo.

Ambrose aliipiga kwa kasi, safi, bila kosa hata moja. Munyao alipiga mluzi. Gathoni, aliyekuwa kwenye mashine ya kurekodia, alivua hedifoni.

"Buda, hizo ni noti ngapi?"

"Sijui. Mingi."

"Ni mingi, na mimi sijaskia hata moja. Rudia."

Alirudia. Mara ya tano ilikuwa na mbio zaidi kuliko ya kwanza, na ya saba ikaipita ya tano. Gathoni alijipangusa uso.

"Ambrose, usinikasirikie. Hii wimbo ni ya Nabwire. Ukishindwa namuita Kiragu. Yeye hana maspeed zako, lakini akishika noti moja, hiyo moja unaiskia."

Kiragu alikuwa kijana mwema, na hakuwahi kumwona Nabwire hata kwa picha. Ndiye aje amlilie? Ambrose alitafuta hasira ndani yake asiione. Lakini jambo moja alilijua: kaburini alishindwa, na akishindwa na hapa, basi yule shangazi alikuwa na haki ya kuuliza.

"Kwani unakimbia nini?" Gathoni aliuliza, safari hii polepole.

Ambrose alifikiri kama mtu aliyeulizwa njia.

"Nilikuwa sitaki kumuamsha," alisema.

Munyao aliinama akaanza kukaza nyuzi za besi ambazo hazikuwa zimelegea. Gathoni alikitazama kile kibanio cha zambarau.

"Toa hiyo kitu kwa shingo ya gita," alisema. "Halafu umuamshe."

Ambrose alikivua kibanio cha zambarau, akakivaa mkononi. Mara nyuzi zikaanza kuvuma zenyewe kwenye spika, kabla hajazigusa. Wimbo ukaanza. Zamu yake ilipofika aligonga uzi mmoja, na kidole cha pili, kwa mazoea, kikainuka kukimbilia noti inayofuata. Akakizuia. Noti haikufa. Ilikaa, ikanenepa, ikajaa chumba kizima. Akaitikisa kidogo kwa ncha ya kidole, nayo ikalia kama mtu. Ndipo akaenda kwenye ya pili, akaishika hivyo hivyo, kisha ya tatu. Katika solo nzima hakufikisha noti kumi na mbili, na ya mwisho aliipiga kwa nguvu zake zote, kelele ya kuamsha Kibera nzima.

Alipomaliza, akatupa jicho kushoto.

Kulikuwa na godoro ukutani, na juu yake hakuna mtu.

Alikaa sakafuni na gitaa lake, na kilio ambacho shangazi zake walikingoja Busia kikamtoka hapo Kawangware, saa tisa ya mchana. Mashine bado ilikuwa inarekodi, na Gathoni hakuizima.