Nta ya Raheli kwenye waya wa hatua arobaini

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Soni bado umelalia mabati, na Fundi Kornelio Shekigenda ameketi barazani kwake akisuka. Ukimtazama kwa mbali utadhani anamsuka mtu nywele. Ukisogea ndipo unaona ni nyuzi za shaba, amezifunga kwenye kidole gumba cha mguu ili zisilegee.

Anasuka waya wa umeme wa redio. Safari hii si ule wa hatua mbili wa kupita nyuma ya kabati la mtu. Huu ni wa hatua arobaini, na tarehe 9 Desemba ndio utakaoleta sherehe za miaka kumi ya Uhuru uwanjani shuleni, mbele ya kijiji kizima cha ujamaa.

"Naogopa, nisikufiche," anasema huku akicheka. "Mara ya kwanza niliwaangusha watu hawa hawa."

Kornelio ana miaka arobaini na sita. Shaba huichomoa kwenye mota zilizoungua, na mpira wa kufunika ncha zake huukata kwenye mipira mibovu ya baiskeli. Waya wa dukani hupanda mlimani kwa nadra, na ukifika bei yake haishikiki. Wa kwake ni shilingi nane, na siku ya soko akiuza mbili hurudi nyumbani akipiga mluzi. Wapo wanaoapa kwamba redio yenye waya wake huimba vizuri kuliko nyingine.

"Maneno ya watu hayo. Waya hauna sauti," anasema. "Ila siwakatazi kusema."

Kazi alijifunzia kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, huko chini karibu na Mombo. Kule jua ni kali, waya ulizungushiwa uzi wa katani tu, ukadumu miaka. Kornelio akaubeba ujuzi huo na kupanda nao mlimani vile vile ulivyo.

Ikaja Desemba ya 1961. Mzee Rajabu, mwenye mashine ya kusaga, alitoa jenereta na redio yake kubwa. Jenereta ile, itakayotumika na mwaka huu, ilikuwa na kelele za kuziba masikio, hivyo redio ilibidi ikae mbali nayo. Kornelio akasuka waya wa katani wa hatua arobaini, ukalala kwenye nyasi za uwanja wa shule tangu alfajiri.

"Watu walitoka mpaka Irente kwa miguu," anakumbuka, na mikono inasimama. "Nguo mpya, masufuria ya makande, Waislamu na Wakristo mkeka mmoja. Ah, siku zile zilikuwa tamu, bwana. Natamani zirudi hata kwa saa moja."

Mtangazaji alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza hati za Uhuru zinavyokabidhiwa. Redio ikazima, kimya. Katani ilikuwa imekunywa ukungu wote wa asubuhi, umeme ukavujia kwenye nyasi. Watu walisubiri, wakaimba wenyewe, kisha wakaenda zao.

Msichana mmoja wa Irente, Raheli, binti wa mfuga nyuki, alibaki. Alishuka ngazi za shule, akauokota waya na kuukamua maji.

"Akaniuliza, 'Kwa nini hukupaka nta?' Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu. Hata pole hakunipa."

Mwaka uliofuata walifunga ndoa. Tangu hapo kila waya uliotoka baraza hii ulivishwa kitambaa alichokichovya Raheli kwenye nta. Masika ya mwaka jana homa ilimchukua. Limebaki donge moja la nta yake, limefungwa kwenye kanga yake, na juu yake alama za vidole vyake vitano zinaonekana wazi. Nta ya sokoni huchanganywa mafuta, ikipigwa na baridi hupasuka. Ya kuutosha waya huu ni hiyo tu, na inahitajika yote.

Mzee Rajabu anapita na mkongojo wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ukungu unasemaje leo, fundi?"

Ni utani wake wa miaka kumi. Lakini leo analiona donge kwenye goti la Kornelio, na uso unambadilika. "Liache hilo, mwanangu. Tutatumia redio ndogo ya mawe ya betri, isiyotaka waya."

"Ile haisikiki hata mstari wa pili, mzee."

Kornelio anaweka kikaango mekoni. Analishika donge, anaweka vidole vyake juu ya alama zile, kimoja kimoja. Kisha analitia kikaangoni. Nta inayeyuka polepole, alama zinapotea, na baraza nzima inanukia asali. Anajifuta macho kwa kiwiko, anaanza kuchovya kitambaa.

Siku ya sherehe, anasema, mzee Rajabu ndiye atakayekaa kando ya redio.

"Mimi nitasimama pale kwenye ngazi za shule, aliposimama Raheli siku ile. Nataka nisikie kutoka pale, mpaka mwisho."