Tawi Nililolitupa Kisimani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliinua mkono kanisani kujibu swali ambalo watu wazima wote walikuwa wamelinyamazia. Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Garsen, nafundisha somo la dini, na nina watoto wangu mwenyewe. Bado nikiukumbuka mkono ule ukipanda, nashikwa na hasira.

Kijiji chetu kiko kando ya Mto Tana, upande wa Wema. Maji yetu yote yalitoka mtoni, ya kunywa na ya kufulia, na msimu wa mafuriko yalikuwa mekundu mazito kama uji wa mtama. Mwaka ule mamba alimkamata mama mdogo, ndugu yake mama, akiwa ameinama na ndoo. Wanaume walimpiga yule mamba kwa makasia mpaka akamwachia, lakini mkono wa kushoto haukufaa tena. Hospitalini waliukata chini ya kiwiko. Aliporudi nyumbani hakulia. Aliuliza tu, "Sasa leso nitajifungaje?"

Kanisa letu dogo la mabati lilikuwa chini ya Mwinjilisti Yohana, mtu mrefu, mchapakazi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo. Baada ya mkasa wa mama mdogo alitangaza kwamba tutachimba kisima chetu wenyewe, na Jumapili nne mfululizo akahubiri maji. Alihubiri gharika ya Nuhu, na bahari iliyowapisha Waisraeli kisha ikawafunika waliowafukuza. Alihubiri mwamba uliopigwa fimbo ukabubujika, Naamani aliyejichovya Yordani mara saba ngozi yake ikawa kama ya mtoto, na yule mwanamke Msamaria aliyekwenda kuteka maji mchana wa jua kali akaahidiwa maji ya uzima. Mimi nilikaa mbele, mkekani, mdomo wazi. Nilidhani Biblia nzima iliandikwa na watu wenye kiu.

Mahali alipopachagua palikuwa uwanda mweupe nyuma ya kanisa, na ng'ombe wa jirani zetu Waorma walikuwa na mazoea ya kusimama pale. Siku ya kwanza ya kuchimba alipita Mama Dhahabo, mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Aliweka kibuyu chake chini akawatazama wanaume wenye sururu.

"Hapa musichimbe," alisema. "Hapa chumvi iko. Ng'ombe yangu nakuja kulamba mchanga ya hapa kila siku."

Mwinjilisti hakugeuka hata kumtazama. "Unataka pabaki pa ng'ombe wako, ndiyo maana," alisema. "Chukua maziwa yako uende. Maji haya ni ya Mungu, hayahitaji ushauri wako." Kisha akaongeza neno moja juu ya watu wa Dhahabo ambalo sitaliandika. Wanaume walicheka. Mama Dhahabo aliinua kibuyu chake akaondoka, na tangu siku ile hatukumwona tena na maziwa.

Nilikimbia kumwambia Bibi, aliyekuwa akipeta mpunga nyuma ya nyumba. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Kisima kilichoanza kwa tusi?" alisema. "Hicho hakitatoa maji matamu, Naomi. Ardhi husikia. Mama yangu aliniambia hivyo, naye aliambiwa na mamake."

Alikwenda mwenyewe kumwambia Mwinjilisti awaite Waorma waombane radhi kwanza, ndipo wachimbe. Mwinjilisti alimjibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mzee bila nia ya kumsikiliza, kwamba hayo ni mambo ya giza na sisi tumeshaokoka.

Maji yalipatikana baada ya siku nyingi za jasho. Yalikuwa meupe, mazuri kuyatazama, na vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wakakimbia. Mwinjilisti aliteka wa kwanza. Nilikuwa karibu naye nikauona uso wake alipomeza. Chumvi tupu, chungu, maji ya kukufanya utafute maji mengine.

Mtu mwingine pengine angesema, jamani, tumekosea mahali. Yeye aliinua kikombe juu akapaza sauti, "Hapa ni Mara!" Akatukumbusha jinsi Waisraeli walivyotembea siku tatu bila maji, wakafika Mara wakayakuta machungu, Mungu akamwonyesha Musa mti, Musa akautupa majini, maji yakawa matamu. Kwa hiyo kilichobaki, alisema, ni mti na imani.

Mti ulitoka uani kwa Bibi. Alikuwa na mlonge, na watu walizoea kuja kuomba mbegu zake, wanaziponda na kuzitia katika maji ya mto ili tope litulie.

"Mlonge unatuliza tope, Mwinjilisti," Bibi alimwambia akiwa amesimama mlangoni. "Chumvi hauijui."

Mwinjilisti alikata tawi hata hivyo. Na wa kulitupa nilichaguliwa mimi, kwa kuwa nilizijua hadithi zote za maji kwa moyo na kwa kuwa mtoto hana dhambi. Mama alinivalisha gauni jeupe. Kijiji kizima kilizunguka kisima. Nililitupa lile tawi, nikalisikia likigonga maji kule chini, na hapo hapo, bila kupenda, nikamwona Mama Dhahabo akilini mwangu akisema ng'ombe wanalamba.

Tuliimba, tukaomba, tukaimba tena. Ndoo ilipopandishwa, mama mdogo alipewa wa kwanza, maana kisima kilichimbwa kwa ajili yake. Alishika kikombe kwa mkono wake mmoja, akanywa funda, akalikalisha mdomoni. Alinitazama. Kisha akameza.

"Bado," alisema.

Tuliingia kanisani. Mwinjilisti alisimama mbele akatupitia mmoja mmoja kwa macho. "Kati yetu kuna mtu alikuwa na shaka," alisema. "Mungu hawezi kushindwa na kisima. Ni nani?"

Wanaume waliochimba walitazama miguu yao. Nami, kwa kuwa nilifundishwa kwamba kanisani hapadanganywi, niliinua mkono.

"Ni mimi," nilisema. "Mama Dhahabo alisema pale pana chumvi. Nilipotupa tawi nilikuwa nawaza hilo."

Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mmemsikia?" aliwauliza watu.

Basi. Jina langu liliondolewa katika orodha ya watoto wa kubatizwa Pasaka ile. Watoto wenzangu waliacha kuniita Naomi wakaniita Mara, bila kujua kwamba katika Biblia yupo Naomi mwingine aliyejiita hivyo kwa uchungu wake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka mtoni na ndoo alisimama mbele yangu akasema, "Tunarudi kwa mamba kwa sababu yako." Baba yangu alikuwa amesimama pale pale. Alikohoa tu.

Kila siku nikitoka shule nilipitia kisimani. Nilifumba macho, nikasema "Naamini" mara saba kama Naamani, nikashusha kopo lililofungwa kamba, nikaonja kwa kidole. Chumvi. Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi mpaka Bibi akanifumania.

"Unatafuta nini humo?"

"Imani yangu, Bibi."

Alikaa chini mchangani, yeye na magoti yake mabovu, akanivuta mapajani kama mtoto mchanga. "Mtu mzima na ndevu zake," alisema, si kwangu mimi. "Mtu mzima na ndevu zake." Kesho yake alifunga sukari na majani ya chai katika leso, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwa Mama Dhahabo kuomba radhi kwa neno ambalo wala hatukulisema sisi.

Mama Dhahabo alitusikiliza mpaka mwisho. Alinishika kidevu. "Huyu alisikia," alimwambia Bibi. "Wakubwa hapana."

Hiyo ndiyo radhi pekee iliyoombwa kwa ajili ya kisima kile.

Leo najua kwamba ng'ombe wana ulimi wa kweli, na kwamba ardhi ile ilikuwa na chumvi kabla ya tusi lolote. Hata hivyo siwezi kusema Bibi alikosea, kwa sababu ni tusi lile lililoziba masikio ya watu. Na kuna jambo lingine linalonichoma zaidi. Hadithi ya Mara ninayoifundisha nimeisoma mara nyingi kupita kiasi, na hakuna mahali Musa anapouliza nani ametia shaka. Watu wote walinung'unika. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Maji yakawa matamu vivyo hivyo, na wale walionung'unika ndio walioyanywa. Mwinjilisti Yohana alikuwa na Biblia hiyo hiyo mkononi.

Mwaka jana nilisikia kwamba ni mgonjwa, amekuja Garsen kwa binti yake. Nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu ujana. Nilimkuta kitandani, amekonda, sauti ile imebaki kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nilijitambulisha kwa jina la baba yangu, akafurahi kweli kweli. Nikamwambia nimekuja kuhusu kisima.

"Kisima kipi, mwanangu?"

"Kile cha nyuma ya kanisa. Cha chumvi. Mlinipa tawi la mlonge nilitupe."

Alikodolea macho bati la paa. Aliniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Nimechimba visima vingi," alisema. "Hicho sikikumbuki."

Nilikaa pale, mtu mzima, mwalimu, mikono mapajani, na miaka yote niliyobeba jambo lile ikanielemea peke yangu. Yeye hakuwahi kulibeba hata siku moja.

Baadaye binti yake alitoka kwenda dukani. Mzee akanyoosha kidole kuelekea mtungi uliokuwa pembeni, akaniomba maji ya kumezea dawa. Nilimtekea. Nilimshika kichwa anywe, kwa kuwa hakuweza kukiinua mwenyewe. Hasira yangu haikupoa, wala sikumsamehe, na sitaki kudanganya kwamba nilimsamehe. Nilingoja tu mpaka amalize, nikampangusa kidevu, nikaenda kupanda pikipiki ya kunirudisha nyumbani.