Mafuta Tumboni mwa Kuku Mkavu

Saa mbili asubuhi, Mama Mizani anapitisha kisu chini ya kidari cha kuku mwenye pete nyekundu mguuni, anaingiza vidole tumboni na kutoa donge la mafuta ya manjano. "Themanini na nne," anasema kabla hajalipima. Mizani inasoma gramu themanini na tano.

Kwa miaka kumi na saba hii ndiyo kazi yake katika kituo cha utafiti wa kuku: kupasua, kutenganisha nyama, mafuta na mifupa, kisha kupima kila kimoja. Kituo kinafuga koo mbili za kuku, wanono na wakavu. Chakula chao ni kimoja, lakini wanono hubeba mafuta mara nne ya wenzao. Wamerithi hivyo kwa vizazi kumi na vinne.

"Wageni hudhani tunawapendelea," anasema akicheka. "Nawaambia, hata kwetu tulikula sufuria moja, na ni mimi tu niliyetoka mnene kama shangazi."

Mwaka jana alipasua kuku mwenye pete ya buluu, alama ya wakavu, akaweka mafuta yake kwenye mizani. Gramu hamsini na tano. Kuku wa ukoo ule hawakuwahi kuvuka thelathini. Akapima tena, na tena. Kufikia saa sita mchana, kuku wa namna hiyo walikuwa sita kati ya thelathini aliowapasua.

"Nilipigwa na butwaa. Nikawa naitazama mikono yangu kana kwamba si yangu."

Msimamizi hakumwamini. "Mama, umechanganya pete. Umri nao huo," alimwambia mbele ya wenzake, akamsimamisha kazi mpaka damu ya kuku wale ipimwe.

Wiki tatu baadaye mtafiti mkuu alimpigia simu. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba baba wa kuku wale sita ni jogoo mnono, na siku pekee ambayo majogoo walitolewa mabandani ilikuwa ile ya usafi. Kabla Mama Mizani hajashusha pumzi, akatajiwa aliyekuwa zamu siku hiyo: mdogo wake wa kiume, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale.

"Nilivaa viatu, nikatoka."

Alimfuata kwake. Mdogo wake hakukana. "Dada, nilimrudisha banda silo. Nilipogundua, siku mbili zilikuwa zimepita. Nikamtoa, nikanyamaza."

"Na uliponiona nasimamishwa?"

Aliinuka, akaingia ndani.

"Hapo ndipo aliponiumiza," anasema. "La jogoo ningelielewa."

Mdogo mtu alihamishiwa stoo ya chakula. Msimamizi aliomba radhi, kwa sauti ya chini kuliko ile aliyomlaumia.

Sasa ukoo wa wakavu unajengwa upya kutokana na kuku wachache waliothibitishwa kuwa safi. Itachukua miaka miwili, na Mama Mizani alitakiwa kustaafu Desemba. Ameomba aongezewe muda.

"Kundi la kwanza safi nataka nilipasue mimi," anasema. "Na mdogo wangu nimemwambia aje akae karibu yangu. Mimi nitataja uzito, yeye ataandika."