Kipande Kisichong'aa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Matisi, Kitale, Fundi Mkuu Madam Nasimiyu alinipa vipande viwili vya plastiki angavu, akamulika leza nyekundu ndani ya kila kimoja. Kimoja kiling'aa mwili mzima. Kingine kilionyesha nukta moja tu mwishoni.

"Chagua kizuri."

Nikachagua kinachong'aa. Akacheka. "Na digrii yako yote! Mwanga unaouona ubavuni ni ule unaotoroka. Tunataka ufike mwisho."

"Nitajuaje ni kweli?"

"Usiniamini. Pima."

Nikapima. Ilikuwa kweli.

Hatukuwa na mashine za bei ghali. Tulikuwa na mhuri wa chuma wenye tuta jembamba kama unywele. Tuliupasha moto, tukaukandamiza kwenye plastiki, ukaacha mfereji. Mfereji tuliujaza gundi angavu, tukaigandisha kwa taa ya urujuanimno. Mwanga husafiri ndani ya gundi hiyo, mradi kuta za mfereji ziwe laini. Ukibandua mhuri kabla plastiki haijapoa, unaziparua, na mwanga unatorokea hapo. Nilihoji kila hatua. Madam hakuwahi kukasirika.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma kwa Meneja Barasa, aliyetumia vipande vya Matisi kuunda vifaa vya kupimia kama maziwa yametiwa maji. Madam alipokaribia kustaafu, mteja wetu wa Chwele, anayenunua maziwa ya wafugaji, alitaka vifaa haraka. Matisi wakabandua mihuri mapema, na Madam akaleta shehena mwenyewe. Tulipoimulika, vipande vyote viling'aa.

"Safi sana, bana!" Barasa akasema. "Mteja atapenda."

"Vinarudi Kitale," Madam akasema.

"Ati virudi? Madam, huyu akivunja oda, Matisi inafungwa!"

"Kwani tofauti ni kubwa hivyo?" nikauliza.

"Si upime?" Madam akasema.

Nikafunga kipande kimoja kwenye kifaa, nikamimina maziwa tuliyokamua wenyewe asubuhi. Kifaa kikasema yana maji.

"Sasa mama wa Chwele anayeuza maziwa yake halisi, akipewa jibu hili," Madam akamuuliza Barasa, "utamwambia yeye ni mwizi?"

Barasa akatoka nje kumpigia mteja simu. Tulimsikia akibembeleza, kisha akibembeleza tena. Aliporudi alisema, "Ametupa wiki. Amenitukana, lakini ametupa."

Siku ya mwisho ya Madam nilikwenda Matisi kukagua shehena mpya. Tulifunga madirisha, nikawasha leza. Plastiki ilibaki giza. Nukta nyekundu ikatua ukutani.

"Ni nzuri, Madam."

"Umejuaje?"

Nikachukua kipimo. Siku hizi analima sukumawiki Kamukuywa, nami bado nahoji mengi aliyonifundisha. Lakini siku ile alisimama kando yangu, na hakuvua aproni mpaka niliposoma namba kwa sauti.