Ukingo wa Manjano

Mama Nyuzi alirudi kutoka nyuma ya karakana ya mabasi akichapa mwendo, roho juu, aproni imejaa maua ya mwituni. Yalikuwa maua madogo ya manjano, ya ukoo mmoja na alizeti, ila mashina yake hayakuzidi urefu wa kidole. Wapita njia waliyakanyaga bila kujua kuwa wamekanyaga kitu. Yeye aliyajua tangu utotoni, kwani mama yake alikuwa mfumaji, na manjano ya mablanketi ya nyumba ile yalitoka humo.

Siku hiyo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Binti yake alikuwa anatoka hospitali jioni na mtoto wake wa kwanza, na blanketi la kumpokelea lilikuwa bado kwenye kitanda cha mfumi. Marehemu mama yake Mama Nyuzi ndiye aliyelianza, akaliacha limebakiza ukingo mmoja tu. Hakuliacha kwa uvivu. Manjano yake ya zamani, yale mazito yenye ukijani kwa mbali, yalikuwa yamemkimbia. Kila alipochemsha maua, uzi ulitoka mng'avu wa kuumiza macho. Akayalaumu maua. "Haya ya ukutani kwetu yamechoka," alisema, akaenda kuyatafuta mbali, kisha mbali zaidi. Mama Nyuzi akaurithi msako huo pamoja na blanketi.

Mke wa kaka yake, aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa amekuja kusaidia usafi. Mama Nyuzi akamkabidhi maua na nyuzi za sufu zilizokwisha kulowekwa katika maji ya shabu ili zishike rangi, akaingia chumbani kutandika kitanda cha mzazi. Alipotoka, alirudi jikoni. Juu ya moto palikuwa na sufuria nyeusi ya chuma, na maji yake yamekuwa kama ya mtaroni.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimechemsha maua. Si ndivyo ulivyosema?"

"Kwenye chuma? Tena chenye kutu?"

"Sufuria yako ya alumini ina nepi za mjukuu wako. Ulitaka nizitie pamoja, mtoto awe manjano kabla hajapewa jina?"

"Uzi wote umekuwa tope."

"Basi tutasema blanketi ni la fundi magari."

Mama Nyuzi hakucheka. Aliopoa uzi mmoja kwa kijiti, kwa nia ya kumwonyesha wifi yake uharibifu alioufanya, akaupeleka dirishani kwenye mwanga. Hapo akausogeza karibu na macho. Uzi mbichi hudanganya, na yeye alilijua hilo. Kwa hiyo aliukamua, akatoka nao uani mbio, akaupunga juani kama mtu anayefukuza nyuki, huku wifi yake akimwuliza kama amwitie daktari. Ulipokauka, aliulaza juu ya manjano ya mama yake kwenye blanketi. Akautafuta kwa macho asiuone. Ikabidi aupapase kwa kidole.

"Wifi," alisema, "sufuria hii umeipata wapi?"

"Kwa mama mkwe, nilipoolewa. Alisema imezeeka, amejinunulia ya alumini isiyoota kutu."

Mama Nyuzi akaigeukia ile kutu ya sufuria: ndiyo iliyokuwa ikitia ukijani. Maua hayakuwa yamechoka hata siku moja. Marehemu mama alikuwa ametoa nusu ya rangi yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaishi akiilaumu nusu iliyobaki.

"Yaani miaka yote mnahangaika barabarani," wifi akasema taratibu, "na rangi yenu iko jikoni kwangu naipikia maharage?"

Kicheko kilichowatoka kiliwaliza. Kisha kazi ikaanza. Nyuzi zilianikwa uani, mmoja akizigeuza, mwingine akizikunja zilizokauka; na mara tu za kutosha zilipopatikana, Mama Nyuzi alikaa kwenye kitanda cha mfumi, mikono ikienda kasi kuliko alivyoizoea. Alikuwa akifunga fundo la mwisho gari lilipopiga honi nje. Akalikata blanketi kutoka kwenye kitanda, akalikung'uta, akalifikisha mlangoni likiwa bado na joto la jua.

Binti alilitazama kutoka ukingo hadi ukingo. "Bibi alilimaliza lini?"

Mama Nyuzi alikuwa ameshampokea mtoto.

Wifi alipita ubavuni na sufuria yake kwapani. "Mimi na mali yangu tunaondoka. Kwa mjukuu wa pili mtakuja kubisha hodi."

"Nenda nayo," akasema Mama Nyuzi, macho hayabanduki usoni pa mtoto. "Ila wifi, nakuomba, usije ukaisugua."