Pengo la Kitabu Kimoja

Kaka yangu ni seremala, na kwa ubishi hajapata mpinzani. Shule ilipoamua kujenga maktaba ya kumkumbuka binti yake, alitengeneza rafu zote mwenyewe, safi kabisa. Lakini kwenye kibao cha mlangoni alichonga jina na tarehe ya kuzaliwa tu. Mwalimu mkuu alimsihi aweke ya pili, ya kifo, kabla ya ufunguzi wa Ijumaa. Ng'o!

"Nani kamwona amekufa?" aliuliza.

Tutamjibu nini? Miaka minne iliyopita mtoto alitoka nyumbani asubuhi kwenda shule, hakufika. Hakuna mwili, hakuna mkoba, hakuna hata kiatu.

Asubuhi ile mimi, shangazi yake, ndiye niliyemfunga kamba za viatu. Alikuwa anasoma kitabu cha hadithi cha shule, akakunja kona ya ukurasa wa kumi na tisa, akakitia mkobani. Kila alipoishia alikunja. Nikamfokea, "Wewe mtoto, kitabu chenyewe si chako!" Mdomo wangu huu! Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia.

Kwenye rafu ya chini kaka alipigilia vijiti viwili, akaacha kati yake pengo la upana wa kidole gumba.

"Cha kwake kitakaa hapa akikirudisha."

"Kaka, unajitonesha kidonda bure."

Akaendelea kupiga randa kama sikusema kitu.

Mimi ndiye mtunza maktaba. Ufunguo ni mmoja, na ninalala nao shingoni. Alhamisi asubuhi nilifungua kufuli, nikakuta pengo limejaa.

Jamani, mimi si mwoga, waulizeni majirani niliowahi kugombana nao. Lakini nilirudi mlangoni kwanza, nikalikagua kufuli. Kitabu kilikuwa kilekile, na doa la wino aliomwaga yeye juu ya jalada. Nikafunua. Kona ya kumi na tisa imekunjwa. Ya ishirini na sita. Ya arobaini. Mikunjo midogomidogo, hadi ukurasa wa mwisho.

Nikamwita kaka. Alipitisha kidole kwenye kila mkunjo, machozi yakimchuruzika.

"Amekimaliza," akasema, akachukua nyundo na patasi.

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Sasa atachonga tarehe, nikadhani, na roho yake itatulia.

Hakwenda mlangoni. Alipiga magoti pale chini, akang'oa kijiti kimoja, akapanua pengo, kisha akachomeka kitabu cha pili, mwendelezo wa hadithi ileile. Ijumaa wageni walikuja, wakapiga makofi chini ya kibao chenye tarehe moja.

Jumatatu kitabu cha pili hakikuwepo. Sikumuuliza mwanafunzi yeyote, wala sitauliza. Kila asubuhi nasimama mbele ya kufuli, nasema kwa sauti ya chini, "Kunja tu, mwanangu. Kunja zote."