Sufuria ya Siku Nyeupe

Namshukuru Mola aliyeupa mwezi vituo vyake ili waja wajue hesabu ya siku zao, na aliyemwekea kila mmoja wetu riziki mahali asipopadhania. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na wote walioshika njia yake. Baada ya hayo, ndugu yangu msomaji, sogea karibu nikusimulie.

Jana jirani yangu hapa Tanga alikuwa akichoma tangawizi juu ya makaa kwa ajili ya dawa ya kifua. Moshi ukaingia dirishani kwangu. Nilikuwa nashona foronya, sindano ikabaki hewani.

Harufu ile kwangu ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akifukia tangawizi kwenye majivu ya moto siku za funga, kisha akaitwanga na kuitia kwenye uji wa futari. Mlango wa pili ni Johannesburg. Leo nitakupitisha huu wa pili, kwa kuwa kule ndiko nilikokuwa mtoto kwa mara nyingine.

Usicheke. Nilikwenda mwaka 2015, kichwa kimeshakuwa cheupe, kukaa na mwanangu na mkewe na kuwasaidia kulea mjukuu. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa La Rochelle, nyuma ya nyumba ya watu. Huku nyumbani nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto wakisikia makubadhi yangu yanakuja, hata mkorofi wao alijidai anasoma. Kule sikujua hata kuomba chumvi dukani. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka saba, ndiye aliyenishika mkono kwenye taa za barabarani, ambazo wao huziita roboti. "Sasa Bibi, twende, twende!" Basi mtu anayevushwa barabara kwa mkono, asiyejua kusoma kibao cha duka, anayenyamaza wakubwa wakizungumza, huyo ni nani kama si mtoto?

Mwanangu aliuza simu mjini, mkewe alisuka nywele mtaa wa Hillbrow, na wote walirudi giza limeshaingia. Mimi nina ada tangu ujana ya kufunga siku nyeupe, zile za katikati ya mwezi ambazo mbalamwezi imejaa. Bibi yangu alikuwa akisema: funga ni yako na Mola wako, lakini futari ni ya watu. La Rochelle nilikuwa na funga, watu sikuwa nao. Nilifungua kwa tende na maji, nikitazamana na ukuta, mtoto akitazama katuni zake. Nilisubiri. Subira nilifundishwa mapema.

Alasiri moja ya siku nyeupe nilikuwa namtoa mjukuu shuleni, mvua ya mawe ikatukuta njiani. Mvua za kule hazibishi hodi. Tulikimbilia kibarazani mwa mkahawa mdogo kwenye kona, na pale kizingitini palikuwa na mbaula, jiko la makaa la kule, na juu yake vipande vya tangawizi vikiungua ganda mpaka likawa jeusi. Ndugu yangu, niliusahau ule mji. Nilikuwa nimechuchumaa jikoni kwa bibi yangu, nasubiri aniambie, "Haya, yapulize majivu."

Aliyenigutusha ni mkono. Bi mkubwa mmoja, kimo chake si zaidi ya mjukuu wangu, amevaa sweta mbili, alitoka akatuvuta ndani bila kuuliza.

Walikuwa watu wa Vietnam. Mkahawa ulikuwa wa nyumba moja: bi mkubwa huyo, mwanawe aliyekuwa mpishi, na mkazamwana aliyepokea wageni na kujua Kiingereza. Mkazamwana alituletea karatasi yenye picha za vyakula. Nikamwambia mjukuu wangu, "Mwambie tunashukuru, lakini mimi nimefunga, na hata nikifungua siwezi kula panapopikwa nguruwe."

"Bibi, si nitawatukana?"

"Sema kwa adabu, haitakuwa tusi."

Akasema. Mkazamwana akacheka, akajibu kwamba nguruwe wanaye tele, kisha akamgeukia mama mkwe wake akamfasiria. Bi mkubwa hakucheka. Alikwenda nyuma, akarudi na sufuria ndogo iliyofungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Akaifunua, akaisogeza chini ya pua yangu: uyoga, figili, mdalasini, karafuu, na ua kavu lenye umbo la nyota ambalo sikulijua. Akazungumza maneno mengi.

"Anasema nini?"

Mjukuu wangu akamsikiliza mkazamwana, uso kaukunja. "Anasema hii ni yake peke yake. Haijaingia nyama hata siku moja, hata samaki. Mwezi ukianza na mwezi ukijaa yeye hali nyama. Ni mambo ya dini yao. Eish, Bibi, maneno magumu haya."

"Na leo ni siku yake?"

"Leo kwake ni tarehe kumi na tano."

"Kwangu ni kumi na nne."

Bi mkubwa alipofasiriwa alitikisa kichwa, akanionyesha kumi na tano kwa vidole. Nami nikamwonyesha kumi na nne. Akarudia, nikarudia. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa mtandio. Nimetoka kwetu ambako ndugu hununiana kwa ajili ya kuandama kwa mwezi, nimekwenda mwisho wa Afrika, nikakuta ugomvi ule ule unanisubiri na bakuli mkononi!

Nilijipima kwa elimu niliyojaliwa. Chakula hakina nyama. Chombo ni kisafi. Kilichobaki ni neno la mtu nisiyemjua, nalo sikuwa na namna ya kulichungulia ndani. Neno la namna hiyo ndilo linaloitwa amana. Jua lilipozama nikasema bismillahi.

Supu ilikuwa nyepesi kama chai, yenye tambi za mchele laini, na pembeni sahani ya majani mabichi: mnanaa, giligilani, na rehani. Rehani! Nikaiokota, nikainusa, na kwa mazoea nikaichomeka kwenye nywele chini ya mtandio. Bi mkubwa akashika kiuno.

"Bibi," mjukuu akanong'ona, "anasema uile, usiivae. Anauliza kwani unaolewa?"

"Mwambie kwetu anayeila rehani ni mbuzi."

Sijui alimfasiria vipi, lakini bi mkubwa alicheka akionyesha meno yake machache, akachukua jani moja, akalitia kwenye nywele zake mwenyewe.

Toka siku ile, kila mbalamwezi ilipojaa, tulikuwa wageni wa meza ya karibu na jiko. Nilipeleka tende, na pengine visheti nilivyokaanga. Mjukuu wangu alijifunza kula kwa vijiti, mimi nikabaki na kijiko, na bi mkubwa aliniita kwa neno lao ambalo mkazamwana alisema maana yake ni dada mkubwa. Umeme ulipokatwa, na kule hukatwa kwa zamu, tulikula kwa mshumaa, moto wa mbaula ukitumulika miguuni. Tulikuwa tunaelewana kwa vidole na kwa mtoto. Hakuna mtu katika mji ule aliyenisubiri jua lizame isipokuwa yeye.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa kipupwe cha mwaka 2018. Tulifika kama kawaida. Mbaula ilikuwa inawaka, lakini bi mkubwa hakutoka kutupokea. Ndani mwanawe alikuwa anazungumza kwa sauti ya juu, naye anamjibu kwa sauti ya chini. Kisha akaja. Alikuwa ameibeba ile sufuria. Akaiweka mezani mbele yangu, mdomo chini, kitako juu. Uzi mwekundu ulikuwa umekatwa.

Mkazamwana alimwinamia mjukuu wangu, akamweleza polepole.

"Bibi, mwanawe amechemshia humu mifupa ya nguruwe asubuhi. Ana chakula cha harusi ya watu, masufuria yote yalikuwa yamejaa, bi mkubwa alikuwa sokoni. Ameiosha. Ameisugua kwa chumvi. Anamwambia mama yake, 'Nani angejua? Umwambie ya nini? Hatarudi tena.'"

Nilimtazama yule mpishi, mtu mzima, amesimama na kitambaa begani kama mwanafunzi aliyesahau aya. Alisema kweli: nani angejua? Sufuria ilikuwa inang'aa. Angepika humo, ningekula, ningeshukuru, ningekwenda zangu kulala. Na mimi ni mtu wa kusoma. Najua chombo kikioshwa kinatakasika. Lakini mbele yangu hapakuwa na suala la chombo. Palikuwa na mwanamke aliyeharibikiwa siku yake ya ibada, na aliyeona ni afadhali anikose kuliko anidanganye.

Bi mkubwa akauliza jambo, kwa ufupi.

"Anauliza kama utakuja mwezi ujao."

"Mwambie mtu harudi kabla hajaondoka," nikasema. "Na mwambie nina njaa."

Mtoto akafasiria. Bi mkubwa akageuka kwa haraka kama msichana, akaleta viazi vitamu, akavipanga juu ya makaa pamoja na tangawizi, moja kwa moja, bila chombo chochote cha mtu yeyote. Jua likazama. Tulikula kwa mikono, tukiungua vidole, kwa chumvi na ndimu. Mwanawe alisimama mlangoni. Mama yake alimgawia kila mtu akamruka yeye, akala cha kwake chote, ndipo akachagua kile kikubwa kuliko vyote akamrushia. Mpishi alikidaka, akakipulizia, akala amefumba macho.

Majivu, tangawizi, kiazi, na mtu wa kunigawia. Bibi yangu angekuwapo asingeona tofauti.

Wiki ile tulikwenda pamoja kununua sufuria nyingine. Vizee viwili dukani, mmoja hajui Kiingereza na mwingine hakijui vile vile, tukigonga masufuria kwa kucha na kusikiliza mlio, muuzaji akishangaa. Yeye alifunga uzi mwekundu, mimi nikaisomea jina la Mola.

Mwaka uliofuata mitaa ilichafuka, wageni wakawa wanashambuliwa. Walifunga maduka kwa hofu, na mengine hayakufunguliwa. Nilikwenda siku ya mbalamwezi na tende zangu nikakuta mlango wa chuma umeteremshwa, na kizingitini doa jeusi la mbaula. Mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, alisema wamehama; wapi, hajui. Sikuwaaga. Muda mfupi baadaye mwanangu aliona ni heri nirudi nyumbani.

Mjukuu wangu sasa ni msichana, na Kiswahili chake kimebaki cha kubabaisha. Nilimwomba apite pale kwenye kona. Alinijibu kwamba panauzwa magodoro. Kisha akaongeza, "Bibi, nikisikia harufu ya mdalasini bado nakutafuta mezani."

Sijui kama bi mkubwa yungali hai, wala ni jua gani linamzamia. Ila hesabu yake hutangulia yangu kwa siku moja. Kwa hiyo kila ninapofunga kumi na tano yangu, ya mwisho ya siku nyeupe, na kutazama mwezi juu ya paa la jirani, najiambia kwamba yeye amekula jana, ameosha bakuli, ameifunika sufuria. Leo ni zamu yangu.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mola asikupe futari ya peke yako. Akujaalie, popote utakapokuwa mgeni, mtu atakayeigeuza sufuria yake mdomo chini mbele yako kuliko akulishe usilolijua. Na siku ya zamu yako, akupe nguvu ya mikono ya kuigeuza ya kwako. Amin.